Watu Kumi kwa Farasi Mmoja

Jumatano ya kwanza ya Oktoba 1954, saa saba na nusu mchana, Andendekisye alipima ratili arobaini za mchanga kwenye mizani ya mchinja nyama wa soko la Mbeya, akazitia katika gunia la sukari, akalishona mdomo. Pikipiki ilikuwa na uzito wa ratili mia tatu na kumi. Yeye mwenyewe, pamoja na viatu, alikuwa ratili mia moja na hamsini. Jumla ilikuwa ratili mia tano. Aliipenda jumla hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuzidisha.

Alikuwa fundi katika karakana ya mzee Alawi, nyuma ya soko. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kusoma alikuwa ameanza akiwa na thelathini na sita, katika darasa la jioni la Mwinjilisti Eliezeri, Jumanne na Alhamisi baada ya sala. Mwinjilisti alifundisha kusoma, kuandika, hesabu na kuacha pombe. Katika masomo hayo manne Andendekisye alikuwa amefaulu matatu na nusu.

Pikipiki ilikuwa ya Bwana Matuta. Huyu alikuwa Mwingereza aliyepewa kazi ya kuzunguka milimani kutazama kama wakulima wamechimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa kabatini. Jumamosi ya mwisho ya Novemba alikuwa ashindane na rafiki yake wa Iringa kupandisha kilima cha huko Iringa, kutoka mtoni hadi mjini, na alitaka mashine yake iongezwe nguvu. Mafundi wawili walikuwa wamemwambia imeongezeka, naye akawauliza kiasi gani, wakasema sana. Safari hii alitaka namba.

Namba zilipatikana hivi. Barabara ya kwenda kijiji cha Igawe ilipanda futi mia tatu na thelathini kutoka darajani hadi kwenye mkaratusi uliopigwa na radi. Andendekisye alikuwa amekipima kimo hicho kwa siku mbili, kwa mpira wa maji na rula ya shule. Mwinjilisti alikuwa amemfundisha kwamba nguvu ya mashine hupimwa kwa farasi, na farasi mmoja huinua ratili mia tano na hamsini kwa futi moja katika sekunde moja. Ukijua uzito, ukajua kimo cha kilima na sekunde ulizotumia kukipanda, farasi hawana pa kujificha.

Siku hiyo, mashine ikiwa bado haijaguswa, alipanda kwa sekunde hamsini. Farasi sita. Kesho yake alifungua kifuniko cha silinda, akakwangua masizi ya miaka mitano, akapiga msasa njia ya kuingizia hewa mpaka ikang'aa kama kikombe cha meza ya Bwana. Jumatano iliyofuata alipanda kwa sekunde arobaini na tatu kasoro chembe. Farasi saba.

"Alhamdulillahi," alisema mzee Alawi, aliyeshika saa. "Masizi tu hayo?"

"Masizi tu, mzee."

"Basi na mimi nikwangue."

Andendekisye alifumba macho akamshukuru Mungu kwa jibu lisilo na baki.

Jumapili dada yake Atuganile alishuka kutoka Igawe kuja kanisani. Alikuwa mjane, mwenye shamba la ekari moja lililoachwa na mumewe. Baada ya ibada walikaa kwenye ngazi za kanisa.

"Habari za Igawe, dada?"

"Nzuri, kaka. Tangu Jumatano tunalala."

"Nani?"

"Watu kumi. Mimi, Jailos na mkewe, na wale wa ng'ambo ya kijito. Mashine yako ikianza kulia, nguvu zinatoka. Siku ile nilikuwa juu ya tuta na jembe mkononi. Nikaona nikae. Nikaona kukaa nako ni kazi, nikalala. Ikazimwa, tukaamka, tukaendelea. Lakini Bwana Matuta ameichukua, anazunguka nayo toka asubuhi. Tunaamka akisimama kunywa chai."

"Anakunywa chai mara ngapi?"

"Mara mbili. Mwombee kiu."

Andendekisye alitoa daftari lake. "Na Jumatano ile ya kwanza, kabla sijaifungua?"

"Ile tuliisikia tu. Tulikuwa tunalima."

Aliandika: farasi mmoja ameongezeka, watu kumi wamelala. Kilichomhangaisha Atuganile hakikuwa kulala, maana alikuwa amelala vizuri. Kilichomhangaisha ni matuta. Kila ekari ilitakiwa kuwa na matuta mia moja na ishirini kabla ya ukaguzi wa Jumanne, tarehe ishirini na tatu Novemba. Mwaka uliopita alikutwa hajamaliza, akapelekwa kuchimba barabara siku saba. Aliyekutwa mara ya pili alinyang'anywa shamba.

"Si urudishe masizi?" alisema.

"Nimeshayamwaga, dada."

Jumanne darasani Andendekisye alinyoosha mkono. "Mwalimu, binadamu ni farasi kiasi gani?"

Mwinjilisti Eliezeri alifungua kitabu cha hesabu, akatafuta. "Sehemu moja ya kumi, kwa kazi ya kutwa. Akiwa ameshiba."

"Na akiwa hajashiba?"

"Kitabu hakisemi. Kiliandikwa Uingereza."

Hesabu ilikubali. Ili kuwa na hakika, Andendekisye alipomaliza kazi ya pili, yaani kupanua tundu la petroli kwenye kabureta na kuiachia mashine ivute hewa zaidi, hakuendesha yeye. Aliendesha mzee Alawi, ambaye alikuwa mzito kwa ratili thelathini zaidi, kwa hiyo mchanga ulipunguzwa kwa ratili hizo hizo. Andendekisye alipanda Igawe kwa miguu akakaa kwenye kigogo, na daftari gotini. Saa nane kamili mashine ikanguruma bondeni. Watu waliweka majembe chini bila kelele. Mke wa Jailos alikifunika chungu chake kwanza, akaondoa kuni mbili motoni, ndipo akalala. Andendekisye alipita akihesabu, akiwafunika nyuso kwa khanga na majani kwa sababu ya nzi. Walikuwa ishirini. Baadaye mzee Alawi alimwambia amepanda kwa sekunde thelathini na saba na nusu. Farasi wanane.

Alikwenda kumweleza Bwana Matuta, akiwa amevaa shati la kanisani.

"Bwana, nguvu inatoka Igawe."

"Yote?"

"Farasi wawili, Bwana. Wale sita wa mwanzo walikuja na mashine."

"Na hao sita walitoka wapi?"

"Sijui, Bwana. Labda kwenu kuna watu wamelala."

Bwana Matuta aliwaza, akasema ni kweli, ana mjomba katika mji mmoja wa viwanda ambaye hajaamka sawasawa tangu mwaka 1948, na madaktari wameshindwa kumwelewa. Alifurahi kupata maelezo. Kisha akauliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, kama nguvu haiwezi kuchukuliwa mahali pengine, kwa mfano kwa makarani wake. Wakajaribu. Makarani wanne walipangwa vitini barazani na mashine ikawashwa mbele yao kwa robo saa. Mwisho wa robo saa ilikuwa vigumu kuamua. Mmoja aliguswa kwa rula, akasema alikuwa anafikiri. Igawe, wakati huo huo, ishirini walikuwa wamelala. Bwana Matuta akaandika kwamba makarani hawafai kwa kazi hiyo.

"Watu wa Igawe ni wavivu," alisema, bila ubaya. "Mashine imewagundua tu."

Mzee Alawi naye alishauriwa. Alikuwa mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa Mbeya, na akikutana na jambo zito alishika kofia yake kana kwamba kuna upepo.

"Mzee, nikiirudisha kama ilivyokuwa?"

"Ataipeleka kwa fundi mwingine. Na yule mwingine hajui hesabu, wewe Ande. Atawalaza mpaka wafe. Angalau wewe unawahesabu."

Andendekisye aliomba siku tatu juu ya jambo hilo. Siku ya nne, Bwana Matuta alituma karani kuuliza farasi wa tisa yuko wapi.

Kazi ya tatu ilikuwa kusaga uso wa kifuniko cha silinda juu ya kioo chenye msasa ili kipungue, mchanganyiko ubanwe zaidi kabla ya kuwaka. Ilimchukua siku mbili. Alipanda kwa sekunde thelathini na tatu na theluthi moja, farasi tisa kamili, na Igawe wakalala thelathini. Mzee Alawi, aliyekwisha kunogewa, akaleta bomba pana la moshi. Walilifunga, wakapanda tena, sekunde zikabaki zile zile. Wakalifungua, wakalifunga upya, zikabaki zile zile. Andendekisye akaenda kuuliza. Igawe kulikuwa na watu wazima thelathini tu wenye nguvu. Kijiji kilikuwa kimeisha.

Tatizo la kubana mchanganyiko ni kwamba mashine inakuwa ngumu kuwasha. Ikiwa baridi iliwaka kwa kiki tano. Ikiwa ya moto ilirudisha teke, na mara ya kwanza ilimtupa Bwana Matuta juu ya boga. Andendekisye, kwa uangalifu wa fundi, alimwandikia maagizo kwa mwandiko wake wa darasa la jioni: ISIZIMWE IKIWA YA MOTO. Bwana Matuta alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Tangu siku hiyo chai alikunywa huku mashine ikinguruma kando yake.

Igawe walianza kulima saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, na saa kumi jioni mpaka giza. Walipika mapema. Watoto walifundishwa kuzima moto na kufukuza nyani. Kufikia siku ya mwisho kabla ya ukaguzi wengi walikuwa wamemaliza, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na watu wawili watatu. Atuganile alikuwa peke yake. Alikuwa na matuta arobaini na tisa.

"Nitachimba mimi," alisema Andendekisye. Yeye alikaa mjini. Nguvu zake hazikuhusika.

Jumanne alifika Igawe alfajiri na majembe mawili. Yeye na dada yake walianzia pande mbili za shamba. Hawakuzungumza ila Andendekisye alipokosea upana.

"Hilo ni tuta au kaburi?"

"Nyamaza ulime."

Saa mbili mashine ikawaka mjini, na Atuganile akalala mahali alipokuwa, shavu juu ya udongo alioulainisha mwenyewe. Kaka yake alimvuta hadi kwenye kivuli cha mgomba, akarudi. Alichimba mpaka viganja vikachubuka, akavifunga kwa tambara la karakana. Saa sita Bwana Matuta alipotokea kwenye mkaratusi, matuta yalikuwa mia moja na kumi na saba.

Bwana Matuta aliegemeza pikipiki kwenye kisiki, ikiwa inaunguruma, akafungua kitabu. Kijiji chote kilikuwa kimelala mbele yake, kila mtu kando ya shamba lake. Alipita akihesabu matuta na kuandika. Kwa Atuganile alihesabu mara mbili.

"Mwenye shamba?"

"Ni dada yangu, Bwana. Yule pale."

"Amelala."

"Zima mashine, Bwana, ataamka. Yamebaki matatu. Atayamaliza kabla hujanywa maji."

"Ikizimwa ataiwasha nani?"

"Mimi, Bwana."

Bwana Matuta aliitazama mashine, akamtazama Andendekisye na mikono yake iliyofungwa tambara. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua, akamwonyesha. ISIZIMWE IKIWA YA MOTO.

"Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu, Bwana."

"Mwandiko mzuri," alisema Bwana Matuta, na aliusema kwa moyo. Kisha akaandika: matuta mia moja na kumi na saba, mwenye shamba amekutwa amelala, mara ya pili. Akapiga mstari. Akapanda pikipiki, akashuka.

Andendekisye alichimba matuta yale matatu baada ya Bwana kuondoka, kwa kuwa alikuwa hajui kitu kingine cha kufanya. Yalikuwa matatu mazuri. Saa kumi Atuganile aliamka, akayahesabu kwa macho kutoka mgombani.

"Yamefika," alisema.

"Yamefika. Lakini ameshaandika."

Atuganile alijipangusa udongo shavuni. "Alisema nini juu yangu?"

"Kwamba umelala."

"Sasa hapo hakudanganya."

Shamba alipewa Mwinjilisti Eliezeri. Hakuliomba, alisema, lakini si vizuri kukataa kitu kilichokuja mlangoni chenyewe. Alikaa bondeni, kwa hiyo mashine haikumpunguzia chochote. Kupanda mahindi kulifanywa na darasa la jioni kama zoezi la vipimo, futi tatu kutoka shimo hadi shimo, na Andendekisye alipata alama za juu.

Safari ya Iringa ilikuwa siku mbili kwenda na mbili kurudi, na Igawe walijiandaa kama watu wanaojiandaa kwa mfungo. Walijaza mitungi, walichemsha viazi vya kuwatosha watoto, wakatandika mikeka kabisa. Jumamosi, pale mtoni chini ya mji wa Iringa, Andendekisye alikutana na fundi wa upande wa pili, Muharami, aliyevaa kanzu iliyokunjwa mikono.

"Wenu wanalala wapi?" aliuliza Muharami, akikaza nati.

"Kijiji kimoja cha mlimani. Wenu?"

"Njia ya Idodi. Mwaka wa tatu huu. Zamani walikuwa wanaanguka popote, mmoja akaungua kwenye uji wake. Sasa jumbe anapiga ngoma, kila mtu anakwenda kulala kwake. Taratibu ni kitu kizuri."

"Wangapi?"

"Ishirini na wanane. Tulikuwa na wawili wengine, wamehamia mashamba ya mkonge. Nimemwambia Bwana wangu leo hatushindi."

Hawakushinda. Bwana Matuta alifika juu mbele kwa urefu wa pikipiki tatu. Alimpa Andendekisye mkono mbele ya watu, kisha akaufuta kwa leso, maana wa fundi ulikuwa na grisi.

Mwezi wa Januari Atuganile alihamia mjini kwa kaka yake. Alilala chumba cha nyuma ya karakana, na mchana alikaanga maandazi kwenye kibaraza, ambayo mzee Alawi aliyasifu kwa kuyala. Juma hilo hilo Bwana Matuta aliingia na uso wa mtu aliyepoteza kitu nyumbani mwake mwenyewe.

"Mashine imepungua."

Wakapima. Muda ulikuwa umeongezeka kwa theluthi moja ya sekunde na kidogo. Andendekisye alipiga hesabu, akapata farasi wanane na sehemu tisa za kumi. Alifungua kabureta, akaifunga. Alifungua kifuniko, akatafuta masizi, hayakuwapo. Akaiwasha tena akaiacha iungurume, akasimama kusikiliza. Hapo ndipo alipogeuka akamwona dada yake kibarazani, uzi mwembamba wa moshi ukipita mbele yake, akigeuza maandazi akiwa macho makavu.

"Bwana," alisema, "ile sehemu moja ya kumi imehamia mjini."

"Irudishe."

"Ni dada yangu, Bwana."

"Sikuuliza ni nani. Nimesema irudishe."

Atuganile aliinua mwiko. "Nirudi wapi, Bwana? Pale pangu panakaa mahindi ya Mwinjilisti."

Bwana Matuta alitafuta katika kitabu chake kanuni ya kumpa mtu shamba, na kitabu kilikuwa na ya kunyang'anya tu. Alinunua andazi moja, akaondoka amekasirika.

Andendekisye hakufanya lolote. Aliomba, na katika maombi hakutaja jambo lenyewe, alitaja tu jina la Igawe na kusubiri. Kwa majuma matatu Bwana Matuta alizunguka na farasi wanane na sehemu tisa, akilalamika kila mahali kama mtu mwenye jino.

Kisha mtoto mkubwa wa Jailos akaoa. Bibi arusi aliitwa Tusekile, msichana wa Rungwe mwenye mabega mapana, aliyesifiwa kwa kubeba madebe mawili ya maji kwa mkupuo. Siku ya tatu ya ndoa alikuwa anapanda kutoka kijitoni na mama mkwe wake. Saa mbili mashine ikawaka mjini. Tusekile aliteremsha madebe kwanza, akayaweka sawa yasimwagike, akalala kando ya njia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mama mkwe wake, aliyekwisha kulala, alijivuta kidogo kumpisha.

Jumatano wakapima. Sekunde thelathini na tatu na theluthi moja. Bwana Matuta akaketi kwenye tairi kuukuu akacheka kwa furaha, akasema mashine nzuri hujiponya yenyewe. Mzee Alawi akashika kofia yake. Andendekisye aliandika tisa kwenye daftari, akapiga mistari miwili chini ya jibu kama alivyofundishwa.

Jioni dada yake alikuwa anakanda unga wa kesho.

"Wamempata nani?" aliuliza.

"Mkwe wa Jailos. Yule bibi arusi."

"Wamempa shamba?"

"Wamempa ekari moja, kule juu."

Atuganile aliendelea kukanda, akaongeza maji kidogo, akakanda tena.

"Matuta mangapi?"

"Mia moja na ishirini, kama kila mtu."